Weka Mkono Ndipo Nikate

Kracha. Kracha. Kracha.

Mkasi mkubwa ulikuwa unatembea juu ya meza ya kukatia, chumba cha mbele, usiku wa manane, madirisha yakiwa meusi. Msomi aliusikia akiwa kati ya usingizi na macho, akatabasamu bila kufumbua jicho. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Ulikuwa msimu wa sare, sketi na kaptula zimepangwa mpaka karibu na dari. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameota kitu laini na cha joto kimelala chini ya kiganja chake. Ndoto njema. Akavuta shuka, akageuka upande, mkasi ukambembeleza mpaka usingizi ukamrudia.

Laiti angejua ule mkasi ulikuwa unakata nini, angeruka kitandani kama aliyekanyaga kaa la moto.

Mtaani walimwita Msomi, na si wote waliosema kwa kumsifu. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili chuo kikuu, na alichosomea kiliwachekesha wengi: lugha na maisha ya Wayunani na Warumi wa kale, watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Wateja wa mumewe hawakuishiwa maneno. Mmoja, akiwa amenyoosha mikono apimwe suti, alimwuliza Fundi kama mkewe akihitimu ataajiriwa makaburini, maana ndiko waliko wenye lugha yao.

Fundi alivuta futi, akaandika kipimo cha kifua, akajibu taratibu:

“Mke wangu anasoma maneno ya watu waliokufa zamani na anawaelewa. Wewe mkeo yuko hai, mko chumba kimoja. Mnaelewana?”

Walicheka wote, na mteja mwenyewe akacheka.

Ndivyo alivyokuwa. Aliishia darasa la saba, akarithi cherehani ya marehemu baba yake, na kila alichokuwa nacho cha kumtetea mkewe alikitoa. Asubuhi alimpigia pasi blauzi ya chuoni. Jioni akimwona amefungua kitabu, aliizima redio hata kama mpira ulikuwa unachezwa. Ila jambo moja Msomi hakuwahi kumfanyia. Hakuwahi kumweleza anasoma nini hasa. Si kwa ubaya. Alijiambia mume amechoka, macho yanamuuma kwa kutunga uzi siku nzima, ya nini kumchosha tena. Kwa miaka mitatu ya ndoa, kila alipoulizwa leo mmesoma nini, alijibu “Mambo ya chuo tu,” kisha akapakua chakula.

Asubuhi ile alipotoka chumbani, alimkuta Fundi amesimama katikati ya vipande vya uzi, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyefaulu mtihani.

“Funga macho.”

“Fundi, nina haraka. Keshokutwa ndiyo siku yangu.”

“Ndiyo maana nakwambia funga macho.”

Akafunga. Alipoambiwa afumbue, mbele yake lilikuwa limening'inia gauni. Jeupe rangi ya maziwa, la sufu, limeshuka kutoka mabegani mpaka sakafuni kwa marinda membamba yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Kiuno kimebanwa, shingo imemaliziwa kwa sindano ya mkono, mikono imekaa sawasawa. Lilikuwa zuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kumwona akishona. Hata gauni lake la harusi halikulifikia.

“Nimeangalia picha kwenye kitabu chako, lile sanamu la mwanamke,” Fundi alisema, akilizungusha ili alione na mgongoni. “Nimehesabu marinda, kumi na manane mbele. Mikono nimekuongezea mwenyewe, maana yule hana mikono wala kichwa. Nilikusikia kwenye simu ukisema utavaa hiki kitambaa mbele ya maprofesa. Nikasema haiwezekani. Mke wa fundi asimame mbele za watu na kitambaa kitupu kama aliyechomoa pazia?”

Msomi alikuwa ameitambua ile sufu. Aligeuka kutazama kiti alichoweka kifurushi chake jana jioni. Karatasi ya kukifungia ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti, ndani hakuna kitu.

“Umekata,” akasema.

“Ningeshonaje bila kukata?”

“Umekikata kitambaa changu.”

Kitambaa kile hakikununuliwa popote. Kwa miezi minane, mwisho wa ukumbi mrefu wa idara yao, Msomi alikuwa amesimama mbele ya mtambo wa kufumia alioujenga kwa kufuata michoro iliyobaki kwenye vyungu vya Wayunani. Ilikuwa miti miwili imeegemezwa ukutani, nyuzi zimening'inia toka juu, na kila fungu la nyuzi limevutwa chini na kigae kizito cha udongo kilichotobolewa. Alisokota, akafuma, akafumua, akafuma tena. Tasnifu yake ilihusu vazi la pini mbili la wanawake wa kale: kitambaa kimoja kipana, hakikatwi wala hakishonwi. Hukunjwa kikamzunguka mtu, kikashikizwa mabegani kwa pini mbili, kikafungwa mshipi kiunoni. Yale marinda ya masanamu hakuyashona mtu. Ni kitambaa chenyewe kinavyoanguka. Keshokutwa alitakiwa kukikunjua kitambaa chake mbele ya watahini, kizima, pindo zote nne zimefumwa, awaonyeshe kwamba hivi ndivyo walivyovaa. Bila hicho, tasnifu ilikuwa maneno matupu, na shahada ilikuwa inayeyuka.

Katika yote hayo, Fundi hakujua hata moja.

“Hakikutakiwa kuguswa na mkasi,” Msomi alisema, sauti ikipanda. “Miezi minane, Fundi. Nimekifuma kwa mikono yangu hii.”

Fundi akaitazama mikono yenyewe, kama anayeiona mara ya kwanza.

“Umekifuma wewe? Niliona ni kazi ya mkono. Nikadhani chuo kimeagiza kwa watu. Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia nini? Wewe ungeelewa nini?”

Neno likitoka halirudi, sawa na kitambaa kikikatwa. Fundi alilitundika gauni, akaliweka sawa bega moja lililopinda, taratibu, kana kwamba nalo lingeumia. Akachukua mezani mtondoo wake wa kukinga kidole, akaivuta cherehani mpaka kibarazani, akakaa kushona sare za watoto wa watu. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza, ingekuwa nafuu.

Msomi alimpigia simu mkuu wa idara. Alikuwa profesa mwanamama, mtu mzima, aliyefundisha Kiyunani miaka thelathini mpaka wanafunzi wakawa wanamwita Bibi, naye akaridhika na jina hilo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema mtahini wa nje ameshafika mjini, na siku haiwezi kusogezwa kwa huruma peke yake. Iwapo kuna dharura kubwa aieleze, watampa muda. Kisha akauliza kitu ambacho Msomi hakukitarajia.

“Na yeye anaendeleaje?”

“Nani, mtahini?”

“Mumeo, mwanangu. Aliyeamka usiku wa manane kukushonea.”

Bibi akamwambia aoshe uso kwanza, anywe chai, ndipo afikiri.

Alikwenda kuosha uso, simu akaiacha juu ya meza ya kukatia. Aliporudi na taulo mkononi, aliwahi kumwona Fundi kwa mgongo tu, anatoka na boksi la uzi. Simu aliyoiacha imeangalia juu ilikuwa sasa imelazwa kifudifudi. Akaigeuza. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mhadhiri msaidizi wa idara, kijana asiyeivua tai hata jua la saa saba, wakamwita Bwana Tai. Kabla Msomi hajaolewa, Bwana Tai aliwahi kumtaka. Akakataliwa, na hakuacha kumkumbusha alichochagua.

“Bibi amenidokeza yaliyokukuta. Usihangaike. Waambie mumeo alikikata kwa hasira, hataki usome. Hiyo ni dharura tosha, watakupa miezi sita. Watu wa mkasi ndivyo walivyo. Nilikwambia zamani.”

Msomi alihisi uso umepata moto. Lakini ukweli lazima usemwe: hakuufuta. Aliutazama ujumbe ule kwa muda mrefu. Miezi sita. Kwa miezi sita angeweza kufuma kingine. Ilikuwa sentensi moja tu, na nani angekwenda kuulizia kibarazani kwa fundi?

Alikuwa bado ameishika simu mama mkwe alipoingia. Mama huyu aliishi nyumba ya nyuma, mnene, mpole, na hakuwa mtu wa kuuliza umepatwa na nini wakati anaona. Aliweka birika la chai mezani. Akainama kwa shida, akaanza kuokota vipande vya sufu sakafuni, akivipanga vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, hata vile vya ukubwa wa kucha.

“Acha mama, nitafagia,” Msomi alimwambia.

“Hivi havifagiliwi. Kaa unywe chai.”

Akaendelea kupanga. Kisha akasema, bila kuinua macho:

“Alikuja kwangu hakujakucha, kuomba mkasi wa baba yake. Ule mkubwa. Ule hautoki sandukuni ila kwa kazi ya heshima. Nikamuuliza, mwenye kitambaa ameweka mkono?”

Sharti hilo Msomi alilijua, na mtaa mzima ulilijua. Marehemu mzee hakukata kitambaa cha mtu mpaka mwenyewe aweke kiganja juu yake. “Weka mkono ndipo nikate,” alikuwa anasema, na mwanawe alilishika hivyo hivyo. Wateja wenye haraka walinung'unika, lakini mkono waliweka.

“Akaniambia amelala,” mama mkwe aliendelea. “Nikamwambia basi usikate. Akasema, mama, nimekipeleka mpaka kitandani, nikakiingiza chini ya kiganja chake. Akakishika. Akatabasamu.”

Msomi alikiweka chini kikombe. Ile ndoto. Sufu ya joto chini ya kiganja.

“Simtetei,” mama alisema. “Mkono wa aliyelala si ruhusa, na nimemwambia. Kosa amefanya. Lakini mwanangu, kitambaa cha miezi minane kinalala kwenye nyumba ya fundi, na fundi hajui kimefumwa na nani. Hapo napo palikatwa. Nani alishika mkasi?”

Akamalizia kipande cha mwisho, akaweka fungu lake la sufu kwenye kikapu, akaenda zake.

Kibarazani Fundi alikuwa anakanyaga pedali kama anayekimbizwa. Hakugeuka mkewe aliposimama pembeni.

“Umeusoma ule ujumbe,” Msomi alisema.

“Uliwaka. Macho hayana pazia.”

“Fundi.”

“Kaseme hivyo.” Mguu ukatulia juu ya pedali. “Kama itakupa hiyo miezi sita, kaseme nilikata kwa hasira. Mimi sina cheti cha kupoteza. Mtaa ukiniita katili nitaendelea kushona. Nguo hazimuulizi mtu tabia yake.”

Hakusema kwa kususa. Alisema kama mtu anayempa mwenzake koti wakati wa baridi. Hapo ndipo Msomi alipolia. Akakalia kigoda cha wateja, akajifuta kwa kipande cha sare.

“Nisamehe,” alisema. “Kwa lile neno la asubuhi. Na kabla ya hilo, kwa ‘mambo ya chuo tu’. Miaka mitatu.”

Fundi alikata uzi uliokuwa hauna haja ya kukatwa.

“Basi nieleze,” akasema.

“Sasa hivi?”

“Una mahali pengine pa kwenda?”

Msomi akainuka, akaanua shuka la maua kwenye kamba, akachukua vikwasi viwili, pini za kubania nguo, kwenye kopo la vifungo. Akamsimamisha mumewe kibarazani, akamzungushia shuka, akalikunja sehemu ya juu, akalishikiza bega la kulia na la kushoto, akamfunga futi ya kupimia kiunoni badala ya mshipi. Mama mmoja aliyefuata sketi ya bintiye alifika wakati huo huo. Alipomwona Fundi mabega nje, akarudi nyuma akisema atapita kesho.

“Ingia tu mama,” Fundi alimwambia, ametulia kama mfalme. “Nasomeshwa.”

Alitembea ndani ya shuka lile, akaketi, akainua mikono, akachungulia jinsi mikunjo ilivyoanguka yenyewe. Maswali yake yalikuwa ya fundi. Walijenga mahekalu ya mawe, walishindwaje kushona kwapa? Mkasi hawakuwa nao? Msomi akamweleza kwamba walikuwa nao, wa kunyolea kondoo.

“Kwa hiyo kondoo alikatwa, kitambaa kikaachwa.”

“Vitabu vinasema hawakutaka kupoteza kitambaa.”

“Hiyo ni nusu ya habari,” Fundi alisema. Akaingia ndani na shuka lake, akatoka na kile kikapu. “Shika hapa. Kitambaa cha dukani nakipindia kidole kimoja, kinatulia. Hiki, nilipoingiza mkasi kilifumuka kama kimekasirika. Nikapinda vidole viwili kila mshono, bado nyuzi zinanikimbia. Sikuelewa. Sasa umenieleza ulivyofuma, naelewa. Nguvu yake yote iko kwenye pindo zake nne. Ukiikata pindo, umeiua. Hao watu wako hawakushindwa kushona. Waliuogopa mkasi, na walikuwa na akili. Mimi ndiye sikuwa nayo.”

Msomi alichomoa kalamu sikioni kwa mumewe, akaanza kuandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare. Alikuwa amesoma vitabu arobaini juu ya vazi lile. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mtu aliyewahi kulikata.

Fundi alisema atalifumua gauni, atarudisha kipande kwa kipande, kwa uzi wa sufu ile ile. Akitulia hakuna profesa atakayeona mshono.

“Hapana,” Msomi alisema. “Shona kwa uzi mwekundu.”

“Mwekundu? Kila nilipokosea pataonekana.”

“Paonekane.”

Fundi alifikiri, akakuna kidevu.

“Basi nitanyoosha mshono. Kosa likionekana, lionekane limenyooka.” Akalitandaza gauni juu ya meza, akashika wembe wa kufumulia, kisha akauzuia mkono wake. “Weka mkono.”

Msomi akaweka kiganja juu ya sufu, macho yakiwa wazi kabisa.

Walifanya kazi siku ile na siku iliyofuata. Mama mkwe alitunga uzi kwenye sindano, ingawa ilimbidi aishike mbali kama anayepiga picha. Msomi aliandika upya sura ya mwisho kwenye kona ya meza ya kukatia. Kabla ya hapo alikuwa ameujibu ule ujumbe.

“Mume wangu hakukata kwa hasira. Alikata kwa mapenzi, na kwa sababu sikumweleza. Kuanzia leo niandikie mambo ya idara tu.”

Asubuhi ya siku yenyewe, kazi ilikuwa kumshawishi Fundi aende. Alisema viatu vyake si vya chuo kikuu. Msomi akavichukua, akakaa chini, akavipiga rangi mwenyewe mpaka vikang'aa.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, glasi za maji, watahini watatu, na viti vya wasikilizaji nyuma. Fundi alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kikapu magotini. Bwana Tai alikaa pembeni, kalamu tayari. Mtahini wa nje alikuwa mzee wa miwani mizito, na ilisemekana huangusha watu kwa adabu kubwa.

Msomi alieleza kazi yake, akakikunjua kitambaa mezani. Mistari myekundu ikakatiza katika ule weupe, imenyooka kama reli.

“Hiki kimekatwa,” mtahini wa nje akasema.

“Ndiyo, profesa.”

“Na nani?”

Bwana Tai aliinua kichwa. Nyuma, Fundi aliinamisha chake. Msomi aliyaona yote mawili.

“Na mume wangu,” alisema. “Ni fundi cherehani, na yuko pale nyuma, mwenye koti la kijivu alilolishona mwenyewe. Alitaka nisimame mbele yenu nimevaa kazi yake bora kuliko zote. Hakujua kwamba kitambaa hiki hakikatwi, kwa sababu kwa miaka mitatu sikumweleza ninachosoma. Kukata ni kosa lake. Kumwacha gizani ni kosa langu. Yote mawili nimeyaandika kwenye sura ya mwisho, kwa sababu yalinifundisha nisichokipata kwenye kitabu chochote.”

Fundi hakuinua kichwa mara moja. Alikuwa anakitazama kikapu chake kama ndiyo kwanza anakiona.

Msomi akakivaa kitambaa. Alikikunja, akakishikiza kwa pini mbili, akafunga mshipi, na mistari myekundu ikazama ndani ya mikunjo. Akaeleza habari ya pindo nne, jinsi kilivyofumuka, na kwa nini mkasi uliogopwa. Mzee wa miwani alisimama, akaja kushika mshono mmoja kwa vidole viwili. Akauliza kitambaa kilipotea kiasi gani.

Hesabu hiyo Msomi hakuwa nayo. Zamani angeona aibu. Sasa aligeuka tu.

“Mume wangu anajua.”

Fundi alisimama. Akasalimia, akasalimia tena kwa kuwa hakuwa na hakika kama salamu ya kwanza ilifika. Kisha akatoa kijitabu chake cha vipimo mfukoni, na alipokifungua, sauti ikakaa sawa.

“Kabla ya mkasi nilikipima, kama ninavyopima kitambaa cha mtu yeyote. Kilikuwa mita mbili kwa tatu. Nimerudisha kila kipande, hata vya ukubwa wa kucha. Sasa kina mita moja na robo tatu kwa mbili na nusu. Zaidi ya robo imekwenda kwenye mishono na kufumuka.” Akakiinua kikapu, ndani yake kuna vumbi la sufu na nyuzi fupi. “Iko humu. Na mimi ni fundi mwangalifu. Asiye mwangalifu angebakiwa na leso.”

Bibi alicheka kwanza, wengine wakafuata.

“Na jambo jingine, wazee wangu. Kikiwa kizima kingemfaa mke wangu, kingenifaa mimi, kingemfaa mama yangu ambaye ni mara mbili yangu. Lile gauni nililoshona lilimtosha yeye tu, tena asinenepe.”

“Umesomea wapi, fundi?” mtahini wa nje akauliza.

“Kwa marehemu baba yangu. Darasa lilikuwa chini ya meza ya kukatia.”

Mzee aliandika jibu lile. Waliomwona wanasema alilipigia mstari.

Waliambiwa wasubiri nje. Mwisho wa ukumbi mtambo wa kufumia ulikuwa bado umeegemea ukuta, mtupu, vigae vya udongo vimening'inia. Fundi alikwenda kusimama mbele yake. Akagusa kigae kimoja, kikagonga cha pili, cha pili kikagonga cha tatu.

“Kwa hiyo ulipokuwa ukichelewa, ulikuwa hapa.”

“Hapa.”

“Mimi nilidhani…” Hakumaliza.

“Ulidhani nini, na hukuuliza?”

“Niliuliza. Ukasema mambo ya chuo tu.”

Msomi akauchukua mkono wake, ule wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba, akaubana. Wakasimama hivyo mpaka walipoitwa.

Amefaulu. Mtahini wa nje alilisema bila kupamba, kisha akainua kidole: kuna sahihisho moja.

“Umemweka mumeo kwenye ukurasa wa shukrani. Mtoe.”

Msomi aligeuka kumtazama Fundi.

“Shukrani ni za waliokupikia chai,” mzee akasema. “Huyu mweke kwenye ushahidi, jina lake kamili na kazi yake. Watakaosoma baada yetu wajue tuliambiwa na nani.”

Mama mkwe, mwenye birika la chai, alikuwa tayari kwenye shukrani, mahali alipostahili. Fundi alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

Nje Bwana Tai alikuja kutoa mkono wa pongezi. Fundi aliupokea kwa mikono miwili, akamtazama shingoni.

“Tai yako imefumuka kwa nyuma, kaka. Nipitishie kibarazani, nitakushikia dakika mbili.”

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na ndiyo maana Bwana Tai alikosa la kujibu. Alishukuru, akaondoka ameishika tai yake.

Bibi aliwasindikiza mpaka mlango mkubwa. Kitambaa cha mistari myekundu kilikuwa begani kwa Msomi, na kila aliyepita ukumbini aligeuka. Fundi alitembea pembeni yake kifua mbele, akisalimia hata wasiomsalimu. Mlangoni Bibi alisimama, akaushika mkono wa Fundi, asiuachie.

“Wanafunzi wangu wote wanajua Kiyunani,” alimwambia, “na hakuna hata mmoja anayejua kitambaa. Wiki ijayo tunafunga nyuzi mpya kwenye ule mtambo. Alhamisi, saa nne asubuhi. Utakuja tena?”

Fundi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye.

“Nije na mkasi?” akauliza.

“Mkasi uache nyumbani,” Bibi akasema. “Wewe njoo. Na ukija mara moja usiishie hapo, mwanangu. Njoo tena.”